Gegedu Nililoliua kwa Friji ya Mafuta Taa

Mwezi uliopita nilienda hospitali na magoti yangu. Daktari mmoja kijana, saa kubwa mkononi, aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga akasema, "Mathe, hii gegedu imeisha. Ni uzee tu."

Nikamwambia, "Haijaisha. Imejila."

Akanitazama vile mnavyotutazama sisi wazee tukianza kusema mambo ambayo hayako kwenye fomu, halafu akaniandikia dawa ya maumivu na kunionyesha mlango kwa heshima sana. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa naandika.

Basi hii ni yenu nyinyi mnaoingia maabara sasa. Jina langu ni Tabitha, ingawa kazini ni Daktari peke yake aliyeniita hivyo. Wengine wote waliniita Mama Nyaboke, kwa binti yangu wa kwanza. Nilifanya kazi katika maabara moja ndogo ya mifugo, nje kidogo ya Nakuru, ukishika njia ya Njoro. Nyumba ya mabati mekundu, vyumba viwili, na friji ya mafuta taa kwa sababu stima ilikuwa ikitaka inakuja, haitaki haiji. Sikusoma sana. Lakini gegedu nalijua, na ninajua linavyojila, kwa sababu nilifanya kitu kibaya kwa ajili ya wivu na kile kitu kibaya ndicho kilichotufundisha. Nitakisema chote. Nimeshastaafu, sasa ni nani atanifuta?

Kwanza mjue ni nini ninachozungumzia. Ule weupe unaong'aa mwisho wa mfupa, ule mnaoguguna kwenye supu, ndio gegedu. Ndani yake kuna kamba nyembamba za kolajeni, na katikati ya kamba kuna molekuli kubwa zenye umbo la brashi ya kuoshea chupa. Hizo brashi zinashika maji. Mguu ukikanyaga, maji yanabanwa, ukiinuka, yanarudi. Na ndani humo kuna seli, chache, kila moja imekaa peke yake katika kishimo chake, bila mshipa wa damu, bila jirani. Seli hizo ndizo zilizozijenga brashi na kamba. Mtu akipata ule ugonjwa wa viungo kuchakaa, brashi ndizo zinazoanza kuvunjika. Maji yanatoroka. Baadaye kamba nazo zinakatika, na hapo mfupa unasaga mfupa.

Daktari wetu alikuwa Daktari Desai, mzaliwa wa Nakuru hapa hapa, baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Alisomea ng'ombe, akapaswa kutibu ng'ombe, na alitibu. Lakini mama yake alikuwa na magoti mabaya, na nyumba yao ilikuwa juu ya duka. Kila asubuhi kabla ya kuja kazini alimshusha yule mama ngazi kwa mikono yake, akamkalisha nyuma ya kaunta, na jioni akampandisha tena. Akifika maabara anauliza swali moja: nani anavunja brashi?

Siku hizo wengi walidhani ni utando. Kila kiungo kimefunikwa kwa ndani na utando mwororo unaotoa ute wa kulainisha. Utando ukivimba, tukaambiwa, unatoa kimeng'enya kinachoenda kulila gegedu. Daktari alitueleza hivi: mnapika mbuzi mzee, mnatia jani la papai, nyama inalainika. Basi utando ni papai, gegedu ni nyama. Sisi tukaelewa mara moja. Nani hajapika mbuzi mzee?

Kupata gegedu kulikuwa vita. Nilikuwa nafika machinjioni mapema kuchukua miguu ya ng'ombe, na hapo nakutana na akina mama wa supu wakitaka miguu hiyo hiyo. Kulikuwa na mmoja alikuwa akinishika kanzu kabisa. "Wewe wa serikali," ananiambia, "mshahara unapata na miguu pia unataka? Watu wangu watakunywa nini?" Nikamwahidi kumrudishia mifupa tukimaliza. Nilikuwa nairudisha kweli, imeshavuliwa gegedu lote, na yeye analalamika kwamba supu yake siku hizi haishiki midomo.

Halafu kukata. Nunua wembe mpya, usihifadhi wembe kama urithi. Kata juu juu, ukigusa mfupa umeharibu. Usiache kipande kikauke hata kidogo. Na hili nalisema kwa sauti, waliolala waamke: andika jina chini ya kisahani, usiandike kwenye kifuniko. Vifuniko vinabadilishana. Nilipokuwa mgeni niliandika kwenye vifuniko, nikavifungua vyote pamoja kubadilisha mchuzi wa kulishia seli, na nikashinda siku nzima nikilia mbele ya visahani kumi na mbili visivyokuwa na baba. Tangu siku hiyo Daktari aliweka sheria: aliyekata ndiye anayeandika herufi yake chini, mwenye kosa ajulikane. Yangu ilikuwa T.

Vipande tuliviweka kwenye visahani na mchuzi, tukavitia inkubeta, lile sanduku la joto, siku nane, kisha tunavikata vyembamba sana, tunavilaza juu ya vioo na kuvipaka rangi ya toluidini. Hiyo ni rangi ya buluu. Lakini ikikutana na zile brashi inageuka zambarau. Gegedu zima ni zambarau tupu. Brashi zikiondoka, linapauka. Kipande peke yake kilibaki zambarau. Kipande kilichowekwa kisahani kimoja na utando, bila kugusana, kilipauka. Nilifanya hivyo kwa miaka, na mikono yangu ilikuwa mizuri. Nilijua ni mizuri. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuniambia.

Halafu akaja Kiprono.

Kijana wa Kuresoi, mwana wa wakulima wa viazi, mpole, masikio makubwa. Alikuja hajui wembe unashikwaje, na mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimshika mkono na mkono wangu. Nilimpa hata koti langu la zamani. Mwaka mmoja haujaisha, akawa anakata vipande vyembamba kuliko vyangu. Vyembamba na sawasawa. Alikuwa akikata huku anapiga mluzi, mimi nakata nimeuma meno.

Siku moja Daktari akainamisha kichwa kwenye hadubini, akakaa hapo muda, kisha akasema, "Nani amekata hii?"

Nikasema, "Ni mimi." Nilidhani ni yangu.

Akageuza kisahani, akatazama chini. "Hii ni K."

Ni hivyo tu. Lakini nilienda nyumbani na hiyo K imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilianza kuhesabu mambo. Daktari alimwamkia nani kwanza. Chai alimpa nani kikombe kisicho na ufa. Kiprono akicheka, nauliza moyoni anacheka nini. Wivu ni kazi, vijana, tena haina likizo. Nilikuwa nampenda kama mdogo wangu na sikuweza kumtazama mikono.

Ndipo ikaja barua kutoka Uingereza. Kulikuwa na maabara iliyokubali kumchukua mtu mmoja kutoka kwetu, mwaka mzima, ajifunze kukuza seli. Mtu mmoja. Daktari aliisoma wakati wa chai na mimi nikaanza kuwaza nitamwachia nani Nyaboke. Sikuwaza kwamba kuna mtu mwingine. Daktari akakunja barua, akasema, "Nyote wawili mtaandaa visahani. Kutoka mguu mmoja, kazi moja. Nitamtuma yule ambaye ninaweza kuviamini visahani vyake."

Nyote wawili! Mimi na mtoto niliyemvalisha koti.

Tulikata Jumanne. Kila mtu akaweka vipande vyake vya gegedu kwenye chupa yenye mchuzi, chupa zikaingia friji, Alhamisi tuvipange kwenye visahani pamoja na utando. Jumatano Kiprono aliomba ruhusa aende Kuresoi, mama yake alikuwa anavuna viazi. Daktari naye alikuwa ameitwa Ndabibi kuona fahali aliyeshindwa kupanda, magoti ya nyuma yamekwisha, na mwenye fahali alikuwa anamlaumu mganga. Nikabaki peke yangu na friji.

Sikupanga. Najua kila mtu husema hivyo. Nilifungua friji nichukue maziwa ya chai, nikaona chupa zimekaa bega kwa bega, T na K. Nikaishika ya K nikaitazama kwenye mwanga. Vipande vyembamba vile! Mkono wangu ukaisukuma ndani ya kile kijumba cha barafu juu, nikafunga mlango, nikanywa chai.

Ilipoganda nikaitoa, nikaiyeyusha kwa kuishika kiganjani. Nikairudisha. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mara moja ingeweza kuitwa ajali, mara tatu haina jina hilo. Nilijua seli haivumilii hivyo, maji ndani yake yakiganda yanaipasua. Nilitaka vipande vyake vioze, vinuke, vionekane vya mtu mchafu. Jioni chupa ilikuwa mahali pake, na kwa macho huwezi kusema ipi ni ipi. Kesho yake Kiprono alileta debe la viazi, akanipa nusu. "Mama Nyaboke, mama amesema hivi ni vyako, kwa kunifundisha." Nilivipika. Nilivila.

Siku nane zilikuwa ndefu. Siku ya kupaka rangi Daktari alianza na vyangu. Peke yake: zambarau. Pamoja na utando: vimepauka. Sawa kabisa, kama siku zote. Akahamia vya Kiprono. Peke yake: zambarau. Akaweka kioo cha pili, cha kilichokaa na utando. Akarekebisha. Akarekebisha tena.

"Kiprono. Hapa uliweka utando?"

"Niliweka, Daktari."

"Hii ni zambarau."

"Niliweka, Daktari."

Daktari akatazama vioo vyote, kimoja kimoja. Vyote zambarau. Mimi mwenyewe nilishangaa, nilitarajia uozo. Kisha akavua miwani. "Kosa naweza kulirekebisha," akasema. "Mtu akisahau, aseme amesahau. Lakini mtu akiandika kwenye daftari kwamba ameweka na hakuweka, huyo siwezi kumtuma mahali popote. Hata hapa siwezi kukaa naye."

Yale masikio ya Kiprono yakawa mekundu. Alienda kwenye sinki akaanza kuosha chupa ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Hapo nilikuwa nimeshinda. Mnielewe vizuri, ndege ilikuwa yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza hakuna kazi. Nikasogea kwenye hadubini ili nione vizuri vile alivyoanguka. Ukweli ni huo, nilienda kuonja.

Nikaona zambarau, nzuri, imejaa. Nikaona vishimo vya seli. Na ndani ya vishimo hakukuwa na mtu. Viini havikushika rangi, ni vivuli tu. Gegedu lilikuwa limekufa, nilikuwa nimeliua sawasawa. Lakini brashi zake zilikuwa nzima, na utando ulikuwa umekaa pale pale kando yake siku nane.

Nikafikiri juu ya mbuzi. Jani la papai linalainisha nyama, na nyama imekufa. Papai haliulizi kama mbuzi yuko hai. Kama utando ungekuwa papai, gegedu lililokufa lingeliwa vile vile. Halikuliwa. Basi utando haukuwa unakula. Utando ulikuwa unasema kitu, unatuma neno fulani kwenye mchuzi, na aliyesikia neno hilo akaanza kuvunja brashi alizozijenga mwenyewe ni seli iliyo ndani. Kwenye kipande kilichokufa hakuna wa kusikia.

Nyuma yangu nikasikia Daktari akikusanya vioo vya Kiprono, anavipeleka kwenye ndoo.

Sasa sikilizeni, maana nikifika hapa watu hunisifu, na sitaki. Sikusema kwa sababu ya huruma. Kiprono alikuwa pale anaosha chupa na sikumwazia. Nilisema kwa sababu lile jibu lilikuwa langu. Lilitoka mkononi mwangu, kiganjani mwangu hiki, na lilikuwa linaenda kwenye ndoo likiitwa kosa la mtu mwingine. Wivu ule ule uliofungua friji ndio uliofungua mdomo.

"Usimwage," nikasema. "Hilo gegedu limekufa. Nililigandisha mimi."

Daktari akasimama na ndoo. Maji kwenye sinki yakaacha kutiririka. "Mara ngapi?" akauliza.

"Mara tatu."

"Uliyeyusha kila mara?"

"Ndiyo."

Akachukua daftari, akaandika. Aliandika kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha akainamia hadubini, akakaa, na nilipoona mabega yake yametulia nikajua naye amemkumbuka mbuzi. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja ilisikika hadi barabarani. Sitawaandikia maneno aliyosema. Nilistahili yote.

Tulirudia. Nusu ya mguu hai, nusu ya mguu tumeiua makusudi. Tukarudia tena mpaka akina mama wa supu wakachoka nasi kabisa. Kila mara ikawa hivyo: lililo hai linapauka, lililokufa linabaki zambarau. Daktari aliamua kwamba visahani vya lililogandishwa vitaandikwa T chini, hata akikata nani. "Sheria ni sheria," alisema. "Aliyeua aandike herufi yake."

Akamtuma Kiprono.

Aliniita ofisini kunieleza, mlango umefungwa. Sikuuliza kwa nini, lakini alisema. "Tabitha, ungekuja ukaniambia, Daktari, tugandishe nusu tuone, ungekuwa wewe unayefunga sanduku sasa. Ni friji ile ile." Hakunifuta. Nadhani alijua kwamba kubaki ndiyo adhabu.

Kiprono hakunisemesha wiki nyingi. Alikuwa anapita na visahani vyake kama mimi ni meza. Siku moja kabla ya kuondoka alikuja, amevaa suti iliyokuwa kubwa mabegani, akasimama pale mlangoni.

"Mama Nyaboke. Ulipokuwa unayeyusha, ni kwa mkono ama kwa maji moto?"

Nilitamani kumdanganya. Mungu ananiona, neno la maji moto lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Maji moto yangeziharibu hata zile brashi, na kule Uingereza angeonekana mjinga mbele ya wazungu, na pengine angerudi haraka.

"Kwa mkono," nikasema. "Hivi. Polepole, mpaka usisikie barafu ikigonga chupa."

Akatazama kiganja changu, akafunga chake vile vile kujaribu. Kisha akasema kwaheri kwa adabu kama anavyoaga mama za watu.

Mwaka ule nilibaki na Daktari. Tulijaribu jambo lingine: gegedu hai likishapauka, uutoe utando, ubadilishe mchuzi, usubiri. Niliangalia siku nyingi bila kuona kitu. Halafu asubuhi moja, kuzunguka kila seli, kulikuwa na duara jembamba la zambarau. Seli zilikuwa zimeanza kujenga tena. Lakini mahali ambapo tulisubiri mno kabla ya kuutoa utando, ambapo kamba zenyewe zilikuwa zimekatika, hapakurudi kitu. Brashi zinarudi, kamba hazirudi. Nilimwita Daktari akaja mbio. Jioni ile, alipokuwa akimpandisha mama yake ngazi, sijui alimwambia nini. Kamba za yule mama zilikuwa zimekatika zamani.

Habari ya lile duara nilikaa nayo bila kumwandikia Kiprono mpaka Daktari akamwandikia mwenyewe. Mnaona? Hata hapo sikuwa nimepona.

Aliporudi, alikuwa amenenepa na anakunywa chai bila sukari. Tulimwandalia chapati. Watu walipokuwa wanamzunguka kuuliza theluji, mimi niliona daftari lake la kule juu ya meza, nikalichukua nikaenda nalo kando ya friji. Nilitaka kuona jina la nani limeandikwa juu ya kile kitu changu. Nilikuwa na hasira yangu tayari, nimeiweka kwa mwaka mzima, nilikuwa natafuta tu mahali pa kuitua.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Alikuwa amechora visahani, safu kwa safu, kwa ule mwandiko wake msafi. Vya gegedu hai vina K. Vya lililogandishwa, kila kimoja, kina T. Ukurasa wa pili vile vile. Nikaendelea kufungua. Mwandiko ukabadilika, ukawa wa mtu mwingine, mzungu fulani aliyekuwa akifanya naye kazi, na huyo pia aliandika T. Mwingine tena, kwa wino mwekundu: T. Watu ambao hawakunijua walikuwa wanaliua gegedu kule ng'ambo na kuandika herufi yangu chini yake.

Kiprono alikuja akanikuta nimesimama hapo. "Waliniuliza hiyo T ni nini," akasema. "Nikawaambia ni jina la mwalimu wangu."

Nililifunga lile daftari nikalishika kifuani, na mnajua nilihisi nini? Wivu. Niliionea wivu ile T, herufi yangu mwenyewe niliyoiandika kwa mkono huu chini ya visahani. Ilikuwa imepanda ndege, imekaa Uingereza mwaka mzima, imeona theluji, na mimi bado niko kando ya friji ya mafuta taa, sijafika hata Mombasa.